Kabati za chini ya ngazi



Hapa kwetu Katuba nyumba karibu zote ni za chini, hazina etaje. Kwa hiyo wengi wetu ngazi tunayoijua ni ile ya shule tu. Na chini ya ngazi kila mtu anapita akisema: hii fasi ni ya bule. Sisi wa klase ya tano tulitaka kutengeneza pale kabati za vitabu, sababu katika klase unyevu na mchwa vinavimaliza. Kazi imekwisha. Tunaandika namna tulivyofanya, ili wengine wakitaka wajue njia.

Kwanza, fasi haikuwa ya bule. Mama anayefagia shule alikuwa anaweka pale fagio na ndoo zake, na mvua ikinyesha alikuwa anakula pale mkate wake. Alipoona tunapima akauliza: "Bana bangu, mukifunga hapa, bintu byangu nitaweka wapi?"

Tukabishana sana. Wenzetu wengine walisema: vitabu ni vya watu wengi, fagio ni za mtu mumoja. Wengine wakajibu: bila ule mtu mumoja, mavumbi yatakula vitabu mbele ya mchwa. Mwisho tukapatana kugawa, na ngazi yenyewe ikatuonyesha namna ya kugawa.

Kila daraja ina santimetre 28 za kukanyaga na 17 za kupanda. Basi madaraja 3 ni upana wa santimetre 84, na juu inapanda 51. Tulianza penye urefu wa 50. Kabati ya kwanza inatoka 50 inafika 101, ya pili inafika 152, ya tatu inafika 203. Lakini papa fundi wa mbao alitukataza kukata kwa hesabu peke yake. "Hesabu ni ya kreyo, beto ni ya mikono ya batu," njo vile alisema. Tukasimamisha karto chini ya mteremko, tukaifuatisha kwa kreyo, tukaikata, kisha mlango ukakatwa kwa karto. Fasi moja beto ilikuwa imeshuka santimetre 2. Hesabu haikuijua, karto iliijua.

Kiunzi ni cha mulombwa mukavu, sababu mchwa hawaupendi. Tuliweka miguu juu ya matofali, tukaacha nafasi ya vidole vitatu nyuma, kabati isiguse ukuta. Hivi tunaweza kuona njia za udongo za mchwa mbele hawajafika kwenye vitabu. Milango ina matundu ya hewa, na pembeni tuliacha milimetre 3, sababu kuanzia Novemba mvua ikija mbao inavimba, na mlango uliobana utakataa kufunguka.

Kabati ndogo ina sanduku la magurudumu, kwa sababu mkono haufiki mpaka ndani. Mle ni chaki na mipira. Ya katikati ni ya vitabu. Ile kubwa, ya santimetre 203, ni ya Mama: fagio ni ndefu, na yeye hapashwi kuinama kila asubuhi. Ufunguo ni wake. Siku tuliyomupa aliuzungusha mara mbili katika kufuli, akacheka, akaenda kazi.

Katika Kutoka 25 Musa alipewa vipimo vya sanduku la agano: mikono 2 na nusu urefu, 1 na nusu upana, 1 na nusu kwenda juu. Lakini haikuishia kwa vipimo. Aliagizwa pia pete na miti ya kulibebea. Maana yake, mbele mbao haijakatwa, mabega ya wenye kubeba yalikwisha kufikiriwa.

Basi bandugu, mukiona fasi ya bule, mutafute metre, ni vizuri. Lakini muulize kwanza nani anaikaa.

Sisi wa klase ya tano