Ufa Usio na Mwenyewe

Kutoka Dresden hadi Görlitz ni mwendo wa saa moja na ushei kwa treni. Nilikuwa katika wiki ya saba ya kozi iliyonipeleka Ujerumani, na Jumamosi ile nilitaka kutembea tu, mahali ambapo hakuna aliyenitarajia. Nikauchagua mji huo kwa kuutazama kwenye ramani. Uko ukingoni kabisa mwa nchi, mto unapita mbele yake, na ng'ambo ya mto kuna mji mwingine. Nikakumbuka kwetu Pangani, na Bweni ng'ambo ya mto wetu.

Ukishuka stesheni unakwenda kwa miguu hadi uwanja wa Untermarkt, soko la zamani la wafanyabiashara wa nguo. Kwa karne nyingi Görlitz ilikula kwa jasho la njia kuu ya misafara iliyokwenda mashariki na magharibi, Via Regia, na utajiri huo bado umesimama: milango ya mawe yaliyochongwa, kuta za rangi ya haradali na ya waridi iliyopauka, na nyumba ya Schönhof iliyojengwa mwaka 1526. Majengo yapatayo 4,000 mjini humo yanalindwa na sheria ya urithi. Kuna lango moja la mawe ambalo ukinong'ona kwenye mfereji wa tao lake upande huu, mtu aliyetega sikio upande wa pili anakusikia. Nilimkuta mtoto akimnong'oneza baba yake Kipolandi, baba akajibu kwa kucheka. Nilikaa pale muda mrefu kuliko nilivyopanga.

Nilidhani mji mzuri namna ile ulitunzwa siku zote. Sivyo. Vita Kuu ya Pili iliupita bila kuubomoa, lakini miaka iliyofuata chini ya Ujerumani Mashariki karibu ifanye kazi ambayo mabomu hayakuifanya. Fedha za ukarabati hazikuwepo. Mapaa yakavuja, mbao zikaoza, watu wakahamia kwenye maghorofa mapya ya zege pembezoni mwa mji. Wenyeji wanasimulia kwamba mwishoni mwa miaka ya 1980 baadhi ya mitaa ilikuwa imepangiwa kulipuliwa, na mashimo ya kuwekea baruti yalikwisha kutobolewa. Ikaja 1989, serikali ile ikaanguka, na kuta zikabaki na mashimo yake.

Kilichofuata ndicho nilichokuja nacho nyumbani. Mwaka 1995 mtu mmoja alitoa marka milioni moja za kukarabati mji wa zamani. Mwaka uliofuata akatoa tena, na uliofuata, na uliofuata. Sharti lake lilikuwa moja: jina lake lisijulikane, na siku likijulikana fedha zinakoma. Marka zilipogeuka yuro akaendelea na yuro 511,500 kila mwaka, hadi 2016. Kamati ikawa inazigawa vipande vipande kwa wenye nyumba na makanisa, huyu paa, yule dirisha, yule mlango. Zilipita yuro milioni kumi kwa jumla, na jina halikutangazwa.

Bibi yangu alitufundisha kuwa sadaka bora ni ile ambayo mkono wa kushoto haupati habari zake. Tuliitikia, kisha tukakua katika desturi ambayo mchango husomwa kwenye kipaza sauti pamoja na jina la mtoaji na ukoo wake. Silaumu, jina likisomwa nalo huvuta wengine. Lakini pale Untermarkt niliwaza juu ya mtu anayeweza kupita chini ya paa alilolipia, akasikia wageni wakilisifu, akanyamaza, kwa miaka ishirini na zaidi.

Nikateremka mtoni. Mto ni Neisse, Wapolandi wanauita Nysa, na si mpana. Mtu mwenye mkono mzuri anarusha jiwe likafika ng'ambo. Tarehe 7 Mei 1945, siku moja kabla vita havijaisha barani Ulaya, jeshi la Wajerumani wenyewe lililipua madaraja ya mji. Mpaka ukachorwa mtoni. Mji mmoja ukawa miwili, magharibi Görlitz ya Ujerumani, mashariki Zgorzelec ya Poland. Daraja la mji wa zamani halikujengwa upya hadi 2004, mwaka Poland ilipoingia Umoja wa Ulaya, na Desemba 2007 ukaguzi wa kudumu wa pasipoti mpakani ukaondolewa. Mwaka 2020, wakati wa korona, mpaka ulifungwa tena kwa miezi kadhaa, wapenzi na ndugu wakawa wanaonana huku wametengwa na uzio. Siku yangu nilivuka nyuma ya mzee aliyebeba mfuko wa mkate. Hata hakuinua macho.

Upande wa pili kuna nyumba ya Jakob Böhme, fundi viatu aliyeandika vitabu vya tafakuri juu ya Mungu vilivyosomwa Ulaya nzima. Alifariki 1624. Nyumba yake iko Poland na kaburi lake liko Ujerumani, ilhali mwenyewe alihama tu kutoka upande mmoja wa mji wake kwenda mwingine.

Zgorzelec haina uzuri wa jirani yake, na nilijiuliza kwa nini, kwa kuwa zamani ulikuwa mji mmoja. Sehemu ya jibu ni kwamba moyo wa mji wa kale ulikuwa magharibi. Sehemu nyingine iko kwa watu. Wajerumani wa upande huo walifukuzwa, wakaletwa Wapolandi waliopoteza makwao mashariki, na baadaye maelfu ya wakimbizi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Ugiriki. Waliingia nyumba zenye vyombo vya wenyewe kabatini. Mkataba wa mpaka ulitiwa saini hapo hapo Zgorzelec mwaka 1950, lakini kwa upande wa Wajerumani ni Ujerumani Mashariki tu iliyosaini. Ujerumani iliyoungana ilithibitisha mwaka 1990. Miaka arobaini na mitano, basi, katika maeneo yote yale familia nyingi ziliishi na shaka kwamba mwenye nyumba huenda akarudi. Utapaka chokaa ukuta ambao kesho unaweza kuambiwa uuache?

Hapo ndipo mguu ulipokuwa mzito. Sisi Pangani tuna nyumba ya mawe ya matumbawe aliyoijenga babu wa baba yangu, boriti zake za mikoko. Bibi alipofariki tukabaki warithi kumi na mmoja, wengine Tanga, wengine Dar es Salaam, mmoja Muscat. Paa la chumba cha mbele linavuja mwaka wa tisa huu. Si kwamba hatuna uwezo. Kila mmoja anaogopa kwamba akiweka boriti moja ataonekana anajimilikisha nyumba, kwa hiyo anangoja mwenzake aanze, na mwenzake naye anangoja. Sote tunaijua methali ya ufa na ukuta. Haisemi ufa ni wa nani.

Jioni, nikisubiri treni ya kurudi Dresden, nilimpigia shangazi anayeishi katika nyumba yetu ya Pangani.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba mwanangu. Huko baridi?”

Nikamwambia nataka kutuma fedha za boriti za chumba cha mbele na bati, ila asimwambie mtu zimetoka kwangu. Alinyamaza kidogo.

“Nisiposema, watasema nimezitoa mimi nataka nyumba,” alisema. “Unaniachia mzigo wako.”

Hilo sikuwa nimelifikiria. Mfadhili wa Görlitz alikuwa na kamati. Mimi nilikuwa na shangazi wa miaka sabini anayelala chumba cha uani.

“Basi tufanyeje, shangazi?”

“Mwambie fundi aandike risiti kwa majina yetu yote kumi na mmoja. Aliyetoa na asiyetoa. Una kalamu?”

Nilikuwa nayo. Akaanza kunitajia kwa mpangilio wa kuzaliwa, na mimi nikaandika nyuma ya tiketi, hadi yule wa Muscat. Tulikuwa kwenye jina la tisa treni ilipoingia.