Alijikata Mkono Jangwani Ili Aishi, Ila Kosa Lake Halikuwa Kwenda Peke Yake

Wengi wameshaiona ile muvi ya 127 Hours ya mwaka 2010, ya jamaa aliyebanwa mkono na jiwe mpaka akaamua kuukata mwenyewe. Ikifika ile sehemu kibanda umiza kizima kinanyamaza, wengine wanafumba macho, na muvi ikiisha hakosekani mjuaji wa kusema wazungu wanajua kutunga. Sasa mdau, pale hakuna kutunga. Yalimkuta mtu kweli.

Shida ni kwamba ukimuuliza mtu anakumbuka nini kwenye kile kisa, atakwambia damu, kisu, yale maumivu. Hakuna anayekumbuka kitu kimoja kidogo ambacho jamaa hakukifanya kabla hajatoka nyumbani. Kitu ambacho hakiuzwi dukani wala hakina uzito kwenye begi. Hakuaga.

Tuanze mwanzo.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 26 Aprili 2003, jimbo la Utah huko Marekani. Ni nchi ya jangwa, mawe mekundu na makorongo membamba yaliyochimbwa na maji ya mvua kwa miaka na miaka. Mengine ni membamba kiasi kwamba ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Jamaa alikuwa na miaka 27. Alisomea uinjinia, akawa na kazi nzuri tu, akaiacha akahamia milimani kwa sababu roho yake ilikuwa huko. Alikuwa na mpango wa kupanda milima yote ya Colorado inayozidi futi 14,000, yaani zaidi ya mita 4,200, tena majira ya baridi kali, tena peke yake.

Kwa hiyo usimuone kama mshamba wa pori. Kamba alikuwa nayo, vifaa vya kupandia anavyo, tochi ya kichwani anayo, hadi kamera ya video. Kwa mtu kama yeye, ile safari ya korongo la Bluejohn ilikuwa matembezi ya wikiendi tu. Labda ndiyo maana hakuona sababu ya kumwambia mtu.

Njiani alikutana na wadada wawili, wakatembea pamoja kidogo, wakapiga stori, wakaachana. Muda si mrefu, akiwa anashuka sehemu nyembamba, jiwe kubwa lililokuwa limekwama juu likacheza. Likashuka naye, likaubana mkono wake wa kulia kwenye ukuta wa korongo. Inakadiriwa lilikuwa na kilo kama 360. Piga picha magunia matatu na nusu ya mahindi yamekaa juu ya kiganja chako, na hayasogei.

Alikuwa na maji kidogo na chakula kidogo cha kula njiani. Akapiga kelele, sauti ikamrudia mwenyewe. Akajaribu kulichonga jiwe kwa kisu cha kukunja cha bei rahisi, kikazidi kuwa butu. Akafunga kamba juu, akajaribu kulinyanyua, wapi. Usiku baridi kali, mchana jua anapewa dakika chache tu pale chini. Maji yakaisha. Akanywa mkojo wake. Akawasha kamera akawaaga wazazi wake. Akachora ukutani jina lake, tarehe aliyozaliwa, na mwezi ambao aliamini ndio anakufa.

Angalia hapo. Kuaga alikuja kuaga, ila aliiaga kamera, na kamera haiwezi kwenda kumwita mtu.

Alhamisi, tarehe 1 Mei, akagundua kitu. Kisu chake hakikuweza kukata mfupa, lakini jiwe lenyewe lilikuwa limeushika mkono kwa nguvu, kwa hiyo akiuzungusha mwili wake vizuri mifupa itavunjika. Akafanya hivyo, mfupa wa kwanza, halafu wa pili. Kazi iliyobaki akaimaliza kwa kile kisu butu, ikamchukua kama saa nzima. Akafunga jeraha, akatambaa kwenye korongo, akashuka kwa kamba ukuta wa karibu mita 20 kwa mkono mmoja, akaanza kutembea juani huku damu inamtoka.

Mbele akakutana na familia ya Waholanzi waliokuwa wanatalii: baba, mama na mtoto. Wakampa maji na biskuti. Na muda si mrefu helikopta ikatokea.

Hapo ndipo watu wanapaswa kujiuliza: helikopta ilitoka wapi? Jamaa si hakumwambia mtu?

Ni kwamba alikosekana kazini. Wenzake wakashtuka, mama yake akaambiwa. Yule mama hakukaa kusubiri. Akahangaika kutafuta mwanaye ameelekea wapi, akawasumbua wahusika mpaka msako ukaanza, gari lake likaonekana, helikopta ikaruka. Yaani wakati yeye anakata mkono kule chini, kulikuwa na watu wanamtafuta huku juu. Angejikata siku mbili kabla, angetembea kwenye lile jangwa akivuja damu na hakuna helikopta yoyote angani. Angechelewa siku mbili, kiu ingemmaliza.

Sasa piga hesabu nyingine. Tuseme Jumamosi ile kabla ya kutoka angeandika kikaratasi cha mistari mitatu: naenda korongo fulani, gari nitaacha sehemu fulani, Jumapili usiku kama sijarudi nitafuteni. Msako ungeanza siku kadhaa mapema, na wanaomtafuta wangejua pa kuanzia. Mkono ungepona? Hakuna wa kuapa. Ila asingekuwa mtu anayesubiri kifo huku dunia nzima inaamini yuko salama.

Yupo mwingine, huyu hakurudi. Kijana wa miaka 24, Mmarekani pia, mwaka 1992 aliingia nyika ya Alaska peke yake na mchele, bunduki na vitabu. Alitaka kuishi mbali na watu, na kweli aliishi miezi kadhaa kwenye basi bovu lililotelekezwa huko porini. Mwezi wa saba akaamua kurudi. Kufika mtoni, ule mto aliouvuka kirahisi wakati wa barafu sasa umejaa na unakwenda kasi. Akageuka, akarudi kwenye basi.

Kinachouma ni kwamba chini ya kilometa moja kutoka pale aliposimama kulikuwa na waya umevuka mto, wenye kikapu cha kuvushia watu. Ungeonekana kwenye ramani nzuri ya eneo lile, na yeye ramani ya namna hiyo hakuwa nayo. Wawindaji walimkuta mwezi wa tisa akiwa ameshafariki, amekonda vibaya. Baadaye watu wakaanza kwenda kuhiji kwenye lile basi, wengine wakapatwa na maafa kwenye mto uleule, mpaka mwaka 2020 serikali ikaamua kulibeba kwa helikopta na kuliondoa.

Na yupo binti wa miaka 17. Huyu hakuchagua kuwa peke yake kabisa. Tarehe 24 Desemba 1971 alikuwa kwenye ndege na mama yake huko Peru. Ndege ikapigwa na radi, ikasambaratika angani, na yeye akaanguka zaidi ya mita 3,000 akiwa bado amefungwa mkanda kwenye kiti chake, mpaka kwenye msitu wa Amazon. Watu 92 walikuwa ndani. Alipona mmoja.

Mfupa wa bega umevunjika, miwani imepotea, kiatu kimebaki kimoja, chakula ni pipi tu. Lakini binti huyu wazazi wake walikuwa wanasayansi wenye kituo cha utafiti humohumo msituni, na baba yake alikuwa amemfundisha jambo moja: ukipotea, tafuta maji yanayotiririka, yafuate, kwa sababu kijito kitakupeleka kwenye mto na mto utakupeleka kwa watu. Akafuata maji siku 10 hivi. Jeraha la mkononi likaingia funza. Akakuta boti yenye injini, akakumbuka baba yake aliwahi kumtibu mbwa kwa mafuta ya taa, akachukua petroli akamwagia jeraha, funza wakaanza kutoka. Kesho yake wafanyakazi wa msituni wakamkuta.

Ukiwaweka hawa watatu pamoja unaona kitu. Wa kwanza vifaa anavyo, uzoefu anao, ila hakuna mtu anayejua alipo. Wa pili moyo anao, ramani hana. Wa tatu hana chochote mkononi, ila kichwani amebeba mafundisho ya baba yake. Bahati ilikuwepo kwa wawili walionusurika, hilo halipingiki. Lakini bahati ilimkuta kila mmoja akiwa ameshapiga hatua zake.

Vijana wengi wa leo wanaishi gheto peke yao, wanajitegemea, na kuaga wanaona ni mambo ya kitoto. Kwani naomba ruhusa? Hapana. Kuaga siyo kuomba ruhusa. Bibi zetu walikuwa hawatoki hata kwenda kukata kuni bila kumwambia mtu wa nyumbani wanaelekea upande gani, na hakuna aliyewaona watoto. Walijua kuni zikichelewa, mtu atafuatwa.

Wadada wa mjini wameshaielewa hii. Akipanda boda usiku, anaipiga picha namba ya pikipiki anamtumia shoga yake, "nikifika nakushtua". Ule ujumbe wa sekunde tano ndio kitu injinia wa Utah alikikosa.

Kwa hiyo wewe unayepanga kubeba begi wikiendi hii, uwe unaelekea Usambara, Uluguru au pori lolote, nenda tu, hakuna anayekuzuia. Kilimanjaro huwezi kupanda bila mwongozaji, lakini vilima vingi havina wa kukuuliza, na mtandao bondeni unakata. Mwambie mtu mmoja unaenda wapi, unapita njia gani, unarudi lini, na ikifika saa ngapi hujapiga simu aanze kukutafuta. Ukibadilisha njia, mwambie tena kabla mtandao haujakata. Beba maji kuliko unavyodhani yanatosha. Beba tochi, kiberiti, kisu chenye makali na kitu cha kujifunika usiku, hata kama unarudi jioni, kwa sababu waliokwama wengi nao walikuwa wanarudi jioni. Beba filimbi, maana sauti ya kupiga kelele inakauka upesi, na filimbi mara tatu watu wa milimani wanajua ni kuomba msaada. Ukipotea, kaa chini kwanza. Miguu yenye hofu ndiyo inayopoteza watu zaidi.

Yule jamaa wa Utah hakuacha milima. Akawekewa mkono wa bandia, akarudi, na mwaka 2005 akaimaliza ile milima yake yote ya Colorado, majira ya baridi, peke yake vilevile. Upweke haukuwa adui yake hata siku moja.

Swali linabaki kwako mdau. Ukikwama mahali leo saa kumi jioni, nani atakuwa wa kwanza kujua, na atajua lini? Kama jibu ni Jumatatu kazini, shika simu sasa hivi umtumie mtu ujumbe. Halafu dondosha maoni yako hapo chini: wewe ukitoka huwa unamuaga nani?