Mizania Isiyohesabu Watu

Mimi ni mwalimu wa siasa, si wa kemia. Hata hivyo, upo mlinganyo mmoja wa kemia ambao huuandika ubaoni kila mwaka ninapofundisha mada ya maendeleo ya viwanda. Chukua kilo 60 za silika, ile iliyomo katika mchanga mweupe na katika jiwe la kwatzi. Changanya na kilo 24 za kaboni. Vitie katika tanuri la umeme lenye joto linalokaribia nyuzi 2,000 za Selsiasi. Kwa joto hilo oksijeni huiacha silika na kuifuata kaboni. Zitatoka kilo 28 za silikoni na kilo 56 za gesi ya monoksidi ya kaboni. Kilo 84 zimeingia, kilo 84 zimetoka. Mizania imekaa sawa.

Silikoni hiyo, ikishasafishwa, ndiyo chanzo cha paneli za sola zilizo juu ya mapaa yetu na cha simu zilizo mifukoni mwetu. Lakini tani moja tu hula zaidi ya kilowati-saa 10,000 za umeme, na kwa sababu hiyo wenye matanuri ya namna hii wamekuwa wakiitafuta mito tangu zamani.

Mwaka 1930, huko West Virginia nchini Marekani, kampuni ya Union Carbide ilianza kutoboa handaki la takriban kilomita 5 katika mlima, eneo la Hawks Nest. Nia ilikuwa kuugeuza mto uzalishe umeme wa kuendeshea matanuri ya ferosilikoni, yaani silikoni iliyochanganywa na chuma. Ikatokea kwamba mwamba wenyewe ulikuwa na silika nyingi mno. Basi jiwe lililochimbwa nalo likapelekwa tanurini. Karibu watu 3,000 walifanya kazi ndani ya handaki, wengi wao Wamarekani Weusi waliotoka mbali kutafuta riziki katika miaka ya mdororo wa uchumi. Kutumia maji wakati wa kutoboa mwamba kungepunguza vumbi, lakini kutoboa pakavu kulikuwa kwa haraka zaidi. Ikachaguliwa haraka.

Vumbi la silika likiingia mapafuni haliyeyuki. Hubaki humo, likiacha makovu mpaka pumzi inakatika. Ugonjwa huo huitwa silikosisi, na hauna tiba. Bunge la Marekani lilipolichunguza jambo hilo mwaka 1936 lilielezwa kuwa waliokufa ni 476. Mwaka 1986 daktari Martin Cherniack alikadiria 764. Wakati wa uhai wao wagonjwa wengi waliambiwa wana nimonia, au kifua kikuu, au “ugonjwa wa handaki” tu. Ugonjwa usiotajwa kwa jina lake haudai fidia.

Hapo ndipo kisa hiki kinaponigusa mimi. Kijijini nilikokulia, vijana waliorudi kutoka machimboni wakikohoa tulisema wana kifua kikuu. Wengine tulisema wamerogwa. Sikumbuki hata mmoja aliyeulizwa alikuwa akitoboa mwamba gani, na kwa kifaa gani. Leo hii wachimbaji wa Mirerani wanavuta vumbi lile lile. Nao kina mama wanaoponda kokoto kwa nyundo kando ya barabara zetu, wakiwa na watoto mgongoni, hawana hata kitambaa cha kujifunika pua.

Tunaambiwa kila siku kwamba tusiuze malighafi, tuiongezee thamani. Nami nakubali: mchanga na makaa vikikutana na umeme wetu wenyewe vinaweza kutulisha. Lakini ninyi wanafunzi, mkisikia neno “thamani”, ulizeni inaongezwa kwa mapafu ya nani. Nanyi watumishi wa umma, Tanzania inayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi tangu mwaka 2003. Hiyo inatosha kumfikisha mkaguzi machimboni kabla ya jeneza, na kumtaka mwenye mgodi aoneshe maji yanayotumika kuzuia vumbi, barakoa, na vipimo vya vifua vya wafanyakazi wake.

Mlinganyo wa ubaoni hauna kosa, kwa maana kazi yake ni kuhesabu atomu. Kuhesabu watu ni kazi ya siasa, na katika hesabu hiyo bado tuna deni.