Chapa za Ukambani na Mihuri ya Konstantinopoli

Mutomo, Kitui. Mzinga wa gogo unaning'inia kwenye tawi la mbuyu, mbali na boma lolote. Ubavuni una alama iliyochomwa kwa chuma cha moto: mistari miwili iliyosimama na mmoja umelala juu yake. Mzee niliyefuatana naye anaifuata kwa kidole. "Huu ni wa ukoo wetu. Mwenyewe simjui, lakini ukiugusa umenigusa mimi."

Wakamba waliweka alama za ukoo kwenye ng'ombe, mizinga na mishale. Mswidi Gerhard Lindblom, aliyetafiti Ukambani mwaka 1911 na 1912, aliziandika. Mnyama aliyechomwa mshale hukimbia mbali kabla ya kuanguka. Alama ya mshale ndiyo iliyoamua nyama ni ya nani.

Mbali na hapo, Konstantinopoli, mji mkuu wa Bizanti, karne ya 11, koo kubwa za akina Komnenos, Doukas na Skleros nazo zilikuwa na alama zake: zilifunga barua kwa mihuri ya madini ya risasi. Uzi ulipitishwa katikati ya kipande cha risasi, kisha kikabanwa kwa koleo la chuma lenye maandishi mdomoni. Upande mmoja mara nyingi ulikuwa na sura ya mtakatifu. Wa pili jina la mwenyewe, cheo chake na ukoo wake. Akipandishwa cheo, alichongesha koleo jipya. Barua karibu zote zimepotea, lakini Dumbarton Oaks, Washington, inatunza takriban mihuri 17,000.

Kibwezi, Makueni, ng'ambo ya mto Athi. Hapa mizinga mingi ni ya masanduku, imepakwa rangi na nambari za kikundi cha wafuga nyuki. Nyuma ya ghala, kwenye gogo kuukuu, naikuta alama ileile ya Mutomo. Si ajabu: koo za Wakamba kama Aombe, Atangwa na Anzauni ziko kaunti zote mbili.

Muhuri wa Bizanti ulimpambanua mkubwa na walio chini yake. Chapa ya Ukambani haina cheo: mwenye ng'ombe wengi na mwenye mzinga mmoja waliitumia sawa, na wote waliitetea. Kwangu hilo ndilo lenye thamani zaidi. Nambari ya kikundi husaidia kuhesabu mizinga. Chapa humwambia mpita njia ni watu gani watakaomwuliza akiugusa mzinga. Mihuri ya risasi ina wataalamu wa kuisoma na makabati ya kuitunza. Vikundi vya wafuga nyuki vya Kitui na Makueni vina wazee. Wanachama wakae nao, wachore kila alama na kuandika ukoo wake, na mzinga mpya upate chapa pamoja na nambari.