Kufomati si kufuta

Leo nataka tuelewane jambo moja: ukifomati diski kwa ile njia ya haraka, faili hazifutwi. Ni kama kitabu kilichochanwa ukurasa wa yaliyomo. Kurasa nyingine zipo. Kinachoziua ni kuandika vitu vipya juu yake.

Mwezi uliopita jirani yangu hapa Likoni aliniletea laptopu. Fundi alikuwa ameiwekea Windows upya, akafuta patisheni zote, na kwenye D mlikuwa na picha za marehemu mamake.

"Mwanangu, ndiyo zishakwenda?"

"Bado mama. Ila usiiwashe tena."

Nilichomoa diski, nikaichukulia nakala nzima kwanza, kisha nikafanya kazi kwenye nakala. TestDisk, programu ya bure ya Mfaransa Christophe Grenier, iliona D ilipoanzia, lakini orodha ya faili ilikuwa imeharibika. Nikageukia PhotoRec, ya bwana huyo huyo. Hii haihitaji orodha. Inaitambua picha kwa baiti zake za mwanzo. JPEG huanza na FF D8 FF.

Ilikesha ikisaka. Picha zikarudi tele, bila majina, nyingine nusu kijivu. Mama alizipitia moja moja. Mamake akiwa Mtongwe alipatikana. Za arusi hazikurudi.

Angalizo: SSD yenye TRIM ni habari nyingine. Ukifuta humo, mara nyingi basi tena. Kwa hivyo weka nakala mbili, nyumba mbili tofauti.