Kigugumizi, Dawa ya Mizizi na Haki ya Unyumba

Kigugumizi kilinianza nikiwa mtoto wa miaka minne, na hata leo, nami nina watoto wangu, hakijaniacha kabisa. Asiyeyajua maudhi haya hudhani kuwa mwenye nayo hajui la kusema. Sivyo. Neno huwa tayari moyoni na maana yake ni wazi, lakini likifika mlangoni mwa kinywa, mlango hufungwa. Chuoni, twalipokuwa tukisoma Sura sote kwa sauti moja, ulimi wangu ulikuwa mwepesi kama wa wenzangu. Mwalimu aliponitaka nisome peke yangu, nalikwama kwenye herufi ya kwanza, na watoto wote wakacheka.

Miaka michache iliyopita wazee wa ukoo walinichagua mimi, mjomba wa kijana, niseme siku ya kwenda kuposa. Usiku ule sikulala kwa hofu. Rafiki yangu mmoja akanielekeza kwenye duka la dawa za miti hapa Mombasa, na mwenye duka akanipa unga wa mizizi itokayo Bara Hindi, iitwayo sarpagandha. Akaniambia kuwa hutuliza moyo na kulegeza ulimi. Sikumwuliza zaidi, wala sikumwambia mke wangu, kwani naliona haya mtu mzima kuonekana anatafuta dawa ya ulimi.

Nalikunywa asubuhi na jioni. Baada ya majuma kadha moyo ulitulia, na siku ya posa nalisema maneno yangu yote, nikakwama mara mbili tu. Watu walinipa hongera. Lakini nyumbani mambo yalikuwa mengine. Pua iliziba, usingizi ulinielemea, huzuni isiyo na sababu ikaniingia, na hamu ya unyumba ikazimika kama taa iliyokwisha mafuta.

Mke wangu alisubiri kwa adabu. Hata usiku mmoja akaniambia, “Baba watoto, kama kuna mwengine, niambie. Tangu ulimi wako ufunguke, hujapata kusema nami.”

Neno lile lilinikata maini. Yeye alikuwa akijilaumu nafsi yake miezi yote ile kwa kosa lisilo lake, nami nalimwacha katika dhana hiyo kwa ajili ya haya zangu. Nikamweleza yote, nikamwonyesha na ule unga. Hakunicheka. Asubuhi yake tukafuatana kwa daktari.

Daktari alipima presha ya damu akaikuta imeshuka, kisha akatufahamisha. Mzizi ule watu wa Bara Hindi wameutumia tangu zamani kwa kutuliza wenye wazimu. Mwaka 1931 madaktari wawili wa huko, Gananath Sen na Kartick Chandra Bose, waliandika habari zake katika maradhi ya akili na presha ya damu, na mwaka 1952 wataalamu wa Uswisi walitoa ndani yake dawa iitwayo reserpini. Dawa hiyo hupunguza katika mishipa ya fahamu vitu ambavyo kimoja chao ni dopamini, nayo dopamini ina kazi katika mwendo wa viungo na katika matamanio pia. Ziko dawa nyengine zizuiazo dopamini ambazo zimewapunguzia baadhi ya watu kigugumizi. Basi haikuwa ajabu kwamba kitu kile kile kilicholegeza ulimi ndicho kilichozima hamu, na huzuni yangu nayo ni katika madhara yake yajulikanayo.

Naliiacha dawa chini ya uangalizi wake. Baada ya muda hamu ilirejea, na kigugumizi nacho kikarejea. Sasa najifunza kwa mtaalamu wa usemi kuanza neno kwa upole, bila ya kulisukuma.

Ndugu msomaji, sikuandika haya ili kuzitukana dawa za miti. Mtume wetu (s.a.w.) ametuamrisha tujitibu, lakini amesema pia kwamba ajitiaye utabibu bila ya kujulikana kwa utabibu, dhamana ni yake. Basi tuwaulize wanaojua kabla ya kumeza, na tumweleze daktari kila tunachokunywa.

Nanyi wazazi, watoto wengi waanzao kigugumizi utotoni hukiacha wenyewe. Msiwamalizie maneno yao wala msiwacheke. Na kikidumu, wapelekeni kwa mtaalamu. Aisomaye Qur’ani kwa taabu na kukwama ana thawabu mbili, kama ilivyopokewa kwa Bibi Aisha. Vipi basi tumcheke ambaye Mola wake anamlipa maradufu?

Nami nakumbuka habari ya Nabii Musa (a.s.) katika Sura Taha. Alimwomba Mola wake amfungue fundo la ulimi, kisha papo hapo akaomba apewe msaidizi katika watu wake, nduguye Harun. Hakuona haya kuutaja ulimi wake wala kutaka wa kumsaidia. Mimi naliomba dua ya kwanza miaka mingi, nikaisahau ya pili, hali msaidizi wangu alikuwa amelala ubavuni mwangu.

Mwenyezi Mungu azifungue ndimi zetu kwa kheri, na atie mapenzi na rehema majumbani mwetu. Amin.