Gari la Zamani Kwenye Mteremko wa Mai Mahiu

Msafiri atokaye Limuru kwenda Naivasha kwa barabara ya zamani hufika mahali ambapo ardhi hukatika ghafla, na Bonde la Ufa likatanda chini yake. Mbele husimama mlima Longonot, wenye kimo cha meta 2,776. Barabara hiyo ilijengwa na wafungwa wa vita wa Kiitalia, na kanisa lao dogo la mwaka 1942 lingali kando ya mteremko. Malori yaendayo Uganda hupita hapo usiku na mchana.

Nchini Kenya gari aina ya Peugeot 404 lina heshima yake. Lilishinda mashindano ya Safari mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo, 1966 hadi 1968. Yaliyosalia hutunzwa kama urithi wa familia. Hata hivyo uzee hauna dawa, na gari huweza kuzimika popote, hata juu ya mteremko huo. Hapo ndipo wengi huliua gari lililokuwa gonjwa tu.

Hulifunga kamba, huweka gia huru, wakaondoka. Hawajui kwamba ndani ya giaboksi mafuta hurushwa na meno yanayozungushwa na injini. Injini ikizimwa, magurudumu ya nyuma huendelea kuzungusha shafti, na vyuma husagana vikiwa vikavu. Kwa gari la otomatiki hatari huzidi, maana pampu ya mafuta huendeshwa na injini. Katika magari mengi fundi huweza kufungua shafti ya propela kabla ya kuvuta. Ya 404 imefunikwa ndani ya bomba, wala haifunguki kando ya njia. Lililo jema ni kuyainua magurudumu ya nyuma na kuufunga usukani imara, au kulipakia gari zima juu ya lori.

Kamba na itumike kwa mwendo mfupi wa polepole, mpaka mahali pa usalama tu, kamwe si kwenye mteremko. Kamba huvuta, haizuii. Na breki zinazosaidiwa na injini huwa nzito injini ikizimika.

Gharama ya lori huumiza mfuko kwa siku chache. Giaboksi iliyosagika huumiza mwaka mzima, na roho iliyopotea bondeni hairudi. Wahenga walisema: kawia ufike.